Msiba Uliotiwa Kwenye Ratiba

Mwalimu Leokadia aliweza kuvumilia uongo wa kila aina isipokuwa ule uliovishwa shanga. Mwanafunzi akisema daftari lake limetafunwa na mbuzi, alicheka na kumsamehe. Lakini mtu mzima akijipaka majivu usoni, akashika mkuki wa mbao na kupiga kelele mbele ya wageni kwa sababu wageni wametoa kiingilio, kisha akaviita vituko hivyo mila, mwalimu huyu alisikia kichefuchefu cha kweli, kile cha tumboni.

Na kichefuchefu chenyewe kilikuwa na chanzo. Mwaka uliopita aliwapeleka wanafunzi wa klabu yake ya utalii na utamaduni kutoka Mbeya hadi Iringa, kwenye kituo cha bwana mmoja aitwaye Philbert, upande wa Kilolo. Huko walionyeshwa shujaa wa Kihehe aliyevaa ngozi ya mbuzi iliyotiwa madoa kwa rangi ya viatu, na chini ya ngozi ile bukta ya mpira ilikuwa inachungulia. Walionyeshwa bibi anayesaga ulezi kwenye jiwe. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza unga huo anaupikia nini, bibi wa watu akacheka, akasema hajui, yeye ulezi wake huupeleka mashineni. Wanafunzi wakapiga makofi, wakanunua vibuyu, wakarudi Mbeya wakiamini wamewaona Wahehe.

Leokadia alimpigia simu Philbert wiki ile ile. Alimwambia kwamba watoto wake hawakusafiri kilomita zaidi ya mia tatu kuja kutazama bukta. Mwaka ujao, alisema, nionyeshe kitu halisi, la sivyo hutaniona tena. Philbert hakubisha. Alijibu kwa unyenyekevu kwamba amesikia, na kweli alikuwa amesikia. Kuna watu heri wasikusikie.

Sasa huyu Leokadia ni nani hata awe mkali hivyo? Ni Mbena wa Njombe, mwalimu wa Historia kwa miaka kumi na saba, kwenye shule moja ya kulipia pale Mbeya ambayo jina lake nitalihifadhi. Wanafunzi wake wa Kidato cha Pili wana miaka kumi na minne, wanaongea Kiingereza cha kwenye katuni, na ukiwauliza kwao ni wapi wanakutajia mtaa. Leokadia aliamini, tena kwa nguvu, kwamba utamaduni haufundishwi ubaoni. Mtoto apandishwe basi, apelekwe kwa watu, akae walipokaa, ale wanachokula, arudi ana haya kidogo. Haya, ndilo neno alilopenda kulitumia kwenye vikao vya wazazi. Wazazi waliitikia kwa vichwa na kuuliza kama hoteli itakuwa na maji ya moto.

Basi la shule liliondoka Mbeya alfajiri ya Jumanne, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, na wanafunzi thelathini na wawili. Walipopita Chimala, mwalimu alisimama katikati ya viti akawaonyesha tambarare za Usangu, akawaeleza habari za Wasangu wenyewe na za Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao. Msichana mmoja aitwaye Veneranda, bingwa wa midahalo wa shule, mtoto asiyekosa la kusema hata akiamshwa usingizini, aliuliza kama huko kuna utamaduni au kuna ng'ombe tu. Basi zima likacheka. Leokadia hakucheka. Kijana Asukile, ambaye alikabidhiwa kamera ya shule kwa sababu mkuu wa shule alitaka picha za kuweka mtandaoni, alipiga picha ya ng'ombe wawili na kurudi kulala. Aliyekuwa anaandika ni mmoja tu, Hetal, binti wa Bharat mwenye duka la vitambaa mjini, mtoto mkimya ambaye aliandika kila kitu kana kwamba atakuja kuulizwa.

Walilala Iringa. Asubuhi ya Jumatano walishuka Ipogolo wakashika barabara ya Kilolo, na baridi ile ya Juni ikawakaza midomo hata Veneranda akanyamaza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi. Philbert aliwapokea kituoni kwake akiwa amevaa koti zito na tabasamu. "Kamwene, madam," alimsalimia kwa Kihehe, akamvuta Leokadia pembeni kabla hata watoto hawajashuka wote, akampa ratiba aliyoichapa kwa kompyuta.

Saa tatu, kukaribishwa. Saa nne, kutembelea mashamba. Saa tano, msiba halisi wa Kihehe. Saa saba na nusu, kuondoka.

Leokadia aliusoma mstari wa tatu mara mbili.

"Haya ni maigizo mengine?" aliuliza.

"Maigizo si umenikataza?" Philbert alisema. "Huu ni wenyewe. Mtoto kazikwa juzi."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyebahatika. Alikuwa amepanga kuwapeleka kwenye harusi, lakini upande wa bibi harusi ukaahirisha, akakaa usiku kucha akifikiri atamwambia nini madam wa Mbeya. Asubuhi akapata habari za msiba, jirani kabisa, hata kilomita mbili hazifiki. Mungu si Athumani, alisema. Alilisema neno hilo kwenye habari za kifo cha mtoto wa mtu, wala ulimi wake haukumwasha.

Hapo ndipo mwalimu angepanda basi akaondoka, na hadithi hii isingekuwapo. Badala yake aliuliza swali ambalo mtu huuliza akiwa ameshaanza kukubali: je, wafiwa wanajua? Philbert akajibu kwamba wanajua, na wanawasubiri. Tena akamkumbusha kuwa yeye ni Mbena, na Wabena na Wahehe ni ndugu, hivyo anajua vizuri kwamba mgeni hafukuzwi msibani wala haulizwi kaalikwa na nani. Ilikuwa kweli. Kwao Njombe ilikuwa vile vile.

Leokadia akawatazama watoto wake wakipiga miguu chini kwa baridi. Hawa, alifikiri, hawajawahi kukaa kwenye mkeka wa msiba. Mjini wazazi wakienda kuzika huwaacha nyumbani na dada wa kazi na runinga. Wataujua lini uchungu wa watu wengine? Si ndicho alichokuwa anakitafuta miaka yote? Akajidanganya vizuri, kwa ustadi wa mwalimu, hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka kinyaa kikashuka kooni kikakaa mahali asipokisikia.

Akawapandisha tena basi, akawafunda mle ndani. Wasichana wafunge vitenge. Hakuna kucheka, hakuna kuomba kiti, hakuna kukataa chakula. Kamera ibaki kwenye mkoba. Akasimamisha basi dukani akanunua unga na sukari, maana mikono mitupu haiendi msibani. Akawaeleza na lile lililo kubwa kuliko yote: mkishakaa, mzee wa familia atawahadithia msiba, ugonjwa ulivyoanza, mgonjwa alivyohangaikiwa, mpaka kaburini. Atawahadithia ninyi hata kama ameshawahadithia watu mia. Akimaliza, kiongozi wa wageni anasimama na kujieleza, tumetoka mahali fulani, tumekuja kwa sababu fulani. Hapo ndipo msiba unawapokea.

Veneranda alitaka kujua atakayesema ni nani. Leokadia akamwambia atasema yeye mwenyewe. Alikuwa anajivunia, usidhani hakuwa.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uani pamefungwa turubai la bluu. Wanaume walikaa kwenye magogo kuzunguka moto, wanawake kwenye mikeka ukutani. Walipoingia, watu walisimama. Leokadia aliona jambo hilo akashangaa kidogo, kwa sababu msibani ni nadra watu wazima kusimama kwa ajili ya watoto. Mama mmoja alimshika Hetal mkono kwa mikono yote miwili, akambusu kiganja, akalia. Watoto wa Mbeya wakakaa chini, wasichana huku, wavulana kule, wametulia kweli, na mwalimu wao akaona kwamba somo limeingia.

Aliyehadithia alikuwa Mzee Kalinga, baba mkubwa wa marehemu. Aliongea polepole, Kiswahili chake kikipanda na kushuka milima ya Kihehe. Marehemu ni Sarah. Miaka kumi na minne, Kidato cha Pili, anasoma bweni Iringa mjini. Ijumaa shule imefunga, akarudi nyumbani mzima, akabeba kuni, akapika. Ijumaa hiyo hiyo jioni akasema tumbo. Wakadhani ni la kawaida. Jumamosi likawa si la kawaida. Wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mvua ya ukungu inanyesha, na kabla ya kufika lami akawa ameshawaacha. Jumatatu wakamzika.

"Tulisema wenzake hawatamzika," mzee alisema, "shule zimefungwa, kila mmoja yuko kwao. Tukasema basi. Sasa nyie mmeacha likizo zenu, mmekusanyana, mmekuja na mwalimu wenu. Mungu awabariki, wanangu."

Wenzake. Leokadia alilisikia neno, na kwa muda halikumwambia kitu. Kisha likamwambia yote kwa mara moja. Aligeuka kumtafuta Philbert. Philbert alikuwa ameegemea nguzo ya turubai karibu na lango, na macho yao yalipokutana alimpungia mkono mdogo, kama mtu anayesema endelea, mambo yako sawa.

Wakati huo huo mama wa marehemu akatolewa ndani. Esta, wanawake wawili wamemshika kwapani. Alikuwa hajatoka kwenye lile godoro la chini tangu Jumatatu, baadaye walisema hivyo, lakini aliposikia wenzake Sarah wamefika alitaka kuwaona kwa macho. Wakamkalisha kwenye mkeka mbele ya wanafunzi. Akawa anawatazama mmoja baada ya mmoja, taratibu, anachagua kwenye nyuso zao.

"Haya, wageni wetu," Mzee Kalinga alisema. "Tujulisheni."

Leokadia akasimama. Kweli ilikuwa maneno machache tu, na yote aliyajua. Lakini kila jicho lilikuwa juu yake, na mbele yake palikuwa na uso wa yule mama uliofunguka kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, na nyuma yake watoto thelathini na wawili aliowaambia kwamba atasema yeye. Angeanzaje? Aseme ninyi mko kwenye ratiba yetu, baada ya mashamba na kabla ya kuondoka? Alitamani kutapika. Badala ya kutapika, akasema.

"Tumetoka Iringa. Tumekuja kumlilia mwenzetu."

Tumetoka Iringa ilikuwa kweli, walilala huko. Ndiyo maana ilimtoka kirahisi. Hilo la pili lilifuata lenyewe. Wanawake wakaitikia kwa kilio, wanaume wakashukuru, na msiba ukawapokea.

Ungeishia hapo, ungekuwa uongo mmoja, mfupi, wa mtu aliyeogopa. Lakini Esta hakutoka ndani ili kusikiliza utambulisho tu. Aliuliza, kwa sauti iliyokauka, ni nani kati yao aliyekuwa analala bweni moja na Sarah wake. Maana alimpeleka Januari, alisema, na tangu Januari hakuwa amemwona mpaka Ijumaa, na Ijumaa yenyewe hawakuongea, walisema wataongea kesho.

Veneranda akainua mkono, kama yuko darasani, akasimama.

Usimlaumu mapema. Mwalimu wake ameshafungua njia, naye ni bingwa wa midahalo, ambaye tangu akiwa mdogo amepewa vikombe kwa kutetea lolote atakalopangiwa. Alisema ni yeye. Vitanda vyao vilipakana. Sarah alikuwa mpole, hakuwa mchoyo, akipata karanga anagawa bweni zima. Esta akatikisa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndivyo alivyo. Mwingine akaona jinsi ilivyopokewa, naye akasimama, akasema Sarah alikuwa kwenye kwaya. Mwingine akasema aliwafundisha hesabu usiku. Mvulana mmoja akasema alimwazima kalamu siku ya mtihani. Wakaanza kupokezana. Hawakuwa wanacheka, la. Walikuwa na huzuni kwenye nyuso zao, huzuni nzuri, iliyopangwa, na kila aliyesimama alitaka ya kwake iguse kuliko ya mwenzake. Leokadia alikuwa ameona sura hizo kabla. Alikuwa amemwona nazo shujaa wa bukta.

Na Asukile ametoa kamera. Hakuna aliyemkataza. Mjomba mmoja alimsogezea hata kigogo asimame juu yake.

Veneranda hakupenda kuzidiwa. Alisimama mara ya pili.

"Kila jioni, mama, kabla taa hazijazimwa, alikuwa anakutaja," alisema. "Alikuwa anasema, saa hizi mama anaingiza kuku bandani."

Esta akaweka mkono mdomoni.

"Kuku," alisema. Akawageukia wanawake. "Kweli, ndiyo saa ninayowaingiza. Mnasikia? Alikuwa ananiona kutoka huko."

Akalia, lakini kilio chake kilikuwa kimebadilika, kimekuwa kilio cha mtu aliyepewa kitu. Na Leokadia alimwona Veneranda akikaa chini, akivuta kitenge kwenye magoti, na pembeni mwa mdomo wake kukapita kitu kidogo sana ambacho mwalimu alikijua, kwa sababu alikiona kila mara majaji walipomtangaza mshindi. Hapo kinyaa kilirudi chote. Hakikuwa cha Philbert peke yake, wala cha mtoto. Nani aliwafundisha?

Walikula. Ugali na maharage, na hakuna aliyekataa. Walipoaga, Esta aliingia ndani mwenyewe, bila kushikwa, akatoka na daftari la Hisabati lenye jalada la gazeti. Akampa Leokadia kwa mikono miwili. Ni kazi ya likizo, alisema, Sarah aliianza Ijumaa pale mezani kabla tumbo halijamshika, amefanya maswali matatu. Ampe mwalimu wake wa hesabu, ili aone kwamba mtoto hakuwa mvivu. Leokadia alipokea. Alisema atampa.

Ndani ya basi kulikuwa na sherehe. Sina neno jingine. Walikuwa wamebana pumzi saa mbili, sasa wakaziachia. Wengine walikuwa wanalia bado, wakifurahia kulia. Walisema hii ndiyo safari bora kuliko zote, kwamba wamejifunza, kwamba Wahehe wana upendo. Walimsifu Veneranda kwa kuku wake. Asukile alizungusha kamera wajione.

Philbert alipanda kuwaaga. Alimwomba Asukile amtumie zile picha za mama, zimetoka vizuri. Kisha akainama kwenye kiti cha mwalimu akauliza, kwa unyenyekevu wake ule ule, kama safari hii amepata kitu halisi.

Leokadia alimshukia kwa sauti ya chini, maneno ambayo sitayarudia yote. Alimwita mla maiti. Alimuuliza alipata wapi ujasiri wa kumdanganya mwanamke aliyezika juzi kwamba wenzake mwanawe wanakuja.

Philbert hakukasirika. Alionekana ameumia.

"Ningewaambiaje, madam? Kwamba kuna watu wanakuja kuwaangalia mkilia? Wangekubali?" alisema. "Mimi nimesema uongo mmoja, ili upate ulichokitaka. Huo mwingine wote mmesema nyie."

Akashuka, akawapungia mkono. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo nyani mmoja alimwonyesha mwenzake. Basi likaondoka.

Walikuwa wameshavuka daraja la kwanza Hetal alipokuja mbele. Alikuwa ameshika daftari lake la kuandikia, kalamu imefungwa. Aliliangalia lile jingine, lenye jalada la gazeti, mapajani mwa mwalimu.

"Madam," aliuliza, "hili daftari tunampelekea nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua, apate kuandika. Lakini viti vya mbele vikanyamaza, kisha vya katikati, na kimya kikaenda hivyo mpaka kiti cha nyuma. Leokadia akalifungua daftari kwa sababu mikono yake ilitaka kufanya kitu. Maswali matatu, mwandiko wa duara, la nne limeandikwa namba tu. Akamwambia dereva ageuze.

Njiani alianza kusikia nafuu. Ndiyo, atakiri. Atapiga magoti aseme kweli yote, na watoto watamwona. Akasimama katikati ya viti, akawaambia kwamba watashuka wote, watasimama kwenye mstari, na leo watajifunza jambo ambalo hawatalisahau. Aliposikia sauti yake ikisema hivyo alihisi kitu kibaya kikimpita, lakini hakukisimamisha akakiangalia vizuri. Veneranda alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kioo. Asukile alikuwa anafuta picha, moja moja.

Walipofika jua lilikuwa limetoka kidogo. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Esta alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti cha mlango, amekula, walisema, kijiko cha kwanza tangu Jumamosi. Alipowaona akanyanyuka nusu, akauliza kama wamesahau kitu.

Wanafunzi wakajipanga kwenye mstari chini ya turubai. Leokadia akaenda mpaka kizingitini, akapiga magoti, akaliweka daftari chini mbele yake.

"Mama Sarah, sisi tumetoka Mbeya," alisema. "Hatukusoma naye. Hatukumjua. Tulikuja kuutazama msiba, na mimi nikakudanganya."

Wanawake wakaweka masufuria chini. Mzee Kalinga aliinuka kwenye gogo lake, akakaa tena. Hakuna aliyewatukana. Leokadia alikuwa amejiandaa kwa matusi, angeyapokea kwa shukrani, lakini hayakuja.

Esta alikaa muda mrefu akiwatazama wale watoto kwenye mstari, kama mwanzo, mmoja baada ya mmoja. Safari hii hakuwa anatafuta kitu.

Aliuliza, kwani hakuna aliyelala naye? Leokadia akasema hakuna. Akauliza, na zile karanga? Walitunga, mama. Na kwaya? Walitunga. Na kufundisha wenzake hesabu? Hiyo pia. Kila jibu Esta alilipokea kwa kichwa, polepole, na baada ya kila jibu mabega yake yalikuwa chini kidogo kuliko kabla. Nyuma, kwenye mstari, mtoto mmoja alikuwa ameanza kulia bila kujizuia, kilio kibaya cha kamasi, na mwalimu alijua bila kugeuka kwamba ni Veneranda.

"Na ile ya jioni?" Esta aliuliza. "Ya kuku?"

Leokadia alikuwa na nafasi. Naiandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliiona, ilikuwa mbele yake, kubwa ya kutosha mtu kupita. Lakini alikuwa amekuja kutakata, na anayejisugua hataki kubakiza doa hata moja. Na mstari mzima wa watoto ulikuwa unasikiliza.

"Hata hiyo," alisema.

Esta akaokota daftari. Akalipangusa kwa pembe ya kanga, ingawa halikuwa na vumbi, akalibana kifuani.

"Hiyo moja ungeniachia, mwalimu," alisema, akaingia ndani.